Shahada ya uzamili ya sera ya umma kwa mtumishi wa Zanzibar: isomwe ipi, wapi na kwa lengo gani?

MwanaChake aliuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri kwa waliosoma au wanaosomesha fani hii.

Mimi ni mtumishi wa umma kisiwani Pemba, katika ofisi ya wizara moja iliyopo Chake Chake, upande wa Mipango, Sera na Utafiti. Shahada yangu ya kwanza ni ya sosholojia, na hesabu tuliagana tangu kidato cha nne. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupokea ripoti za robo mwaka kutoka wilayani, kuziunganisha na kuzipeleka Unguja. Mara moja moja huitwa kwenye kikao cha kupitia rasimu ya sera, na mara nyingi rasimu hiyo huwa imekwisha kuandikwa na mshauri elekezi, sisi tukabaki kusahihisha herufi na kuuliza kwa nini Pemba haikutajwa. Nimefika mahali nataka kuielewa kazi hii kwa undani: vipi tatizo linaingia kwenye ajenda ya Serikali, nani anaamua kwamba njia hii ifuatwe na ile iachwe, na ni kwa kipimo gani baada ya miaka kadhaa tunasema sera imefaulu au imeshindwa.

Ndiyo maana nafikiria shahada ya uzamili. Nikitazama vyuo naona majina mengi yanayokaribiana: sera ya umma, utawala wa umma, sera ya maendeleo, uchambuzi wa sera, masomo ya maendeleo. Sijui kama tofauti yake ni ya kweli au ni ya vibao vya mlangoni tu. Pia sijui kama ni bora nisome hapa nchini, ambapo nitaweza kurudi kuwaona wanangu, au niombe ufadhili wa nje. Na jambo linalonitia khofu zaidi ni hizo takwimu na uchumi, kwani kila ninayemuuliza ananiambia fani hii imejaa hesabu. Je, mtu wa sosholojia ataweza? Na akimaliza, anarudi na kitu gani ambacho ofisi yake itakihitaji?

Mkunazini alijibu:

Waalaykum salaam dada. Mimi nimesoma sera ya umma Uingereza kwa mwaka mmoja na sasa nipo katika wizara moja hapa Unguja, kwa hiyo nitaeleza upande huo, na wengine watakamilisha.

Tofauti ya majina ni ya kweli kwa asili yake, ila usiitegemee. Kwa asili, utawala wa umma unamfundisha mtu kuendesha taasisi: watumishi, bajeti, sheria za utumishi, manunuzi. Sera ya umma inamfundisha kuchagua: kuna tatizo, kuna njia tatu au nne za kulishughulikia, kila njia ina gharama yake, ina watakaonufaika na watakaoumia, na mchambuzi anatakiwa apendekeze moja na aitetee mbele ya watu wasiokubaliana naye. Skuli za sera zilizoanza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 ziliegemea uchumi na takwimu, wakati utawala wa umma mizizi yake ipo zaidi katika sayansi ya siasa na sheria. Lakini vyuo havikufungwa na asili hiyo. Shahada ya utawala wa umma ya London School of Economics, kwa mfano, ina uchumi na takwimu nzito kuliko shahada nyingi zinazoitwa za sera. Kwa hiyo liache jina, ufungue orodha ya masomo ya lazima. Ukikuta uchumi, takwimu, tathmini ya miradi na uandishi wa nyaraka za sera, hiyo ni shahada ya uchambuzi hata kama imeitwa jina jengine. Ukikuta nadharia za uongozi, rasilimali watu na maadili ya utumishi, hiyo ni ya utawala, na si dhambi kuisoma, ila ujue umechagua nini.

Muda nao uutazame. Skuli ya Blavatnik ya Oxford inatoa shahada ya sera kwa mwaka mmoja. Ile ya Kennedy, Harvard, ni miaka miwili. Mwaka mmoja unavutia kwa mwenye familia, lakini unakwenda mbio: unafika Septemba, unaanza kudaiwa insha kabla hujazowea baridi, na kabla ya jua la kiangazi kutoka umekwisha kuulizwa tasnifu yako inahusu nini. Asiyekuja na swali lake kutoka nyumbani huishia kuandika juu ya jambo ambalo msimamizi analijua, si analolihitaji yeye.

Zoezi lililonifaa kuliko yote lilikuwa dogo. Tulitakiwa kuandika waraka wa kurasa mbili kwa waziri, pendekezo likiwa katika sentensi ya kwanza, na chini yake sababu, gharama, na nini kitatokea kama waziri hatafanya lolote. Mhadhiri alikuwa akikata kwa kalamu aya nzima ya mwanzo kila alipokuta historia ya tatizo imetangulia pendekezo. Tuliozowea madokezo ya serikalini, ambamo maombi hukaa mwisho kabisa baada ya utangulizi mrefu, tulipata tabu sana, na nadhani hicho ndicho kitu ninachokitumia kila wiki hadi leo.

Kuhusu hesabu, kinachohitajika ni aljebra ya sekondari, kusoma grafu bila kubabaika, na subira. Baadhi ya skuli hizi huweka wiki za kunoa hesabu kabla ya muhula kuanza. Usiliache hilo likuzuie.

Mwalimu wa Takwimu alijibu:

Nakubaliana na ndugu Mkunazini kwa mengi. Naomba niongeze jambo ambalo kwa Mzanzibari naliona ni kubwa kuliko jina la shahada. Mimi ni mzaliwa wa Unguja na nasomesha chuo kikuu Bara, na jambo hili nakutana nalo kila mwaka ninaposahihisha tasnifu.

Zanzibar, kwa mambo yasiyo ya Muungano, ina mamlaka yake kamili ya kutunga sera. Skuli za msingi na sekondari, afya, kilimo, ardhi, maji, ustawi wa jamii, yote haya huamuliwa na Serikali ya Mapinduzi na Baraza la Wawakilishi pale Chukwani. Mwanafunzi anayekwenda Dar es Salaam, Mzumbe au Tokyo atafundishwa kwa mifano ya Tanzania, na mara nyingi mifano hiyo, bila ya kusemwa, ni ya Bara. Chukua umaskini. Utafiti wa bajeti za kaya wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu wa 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya watu wanaishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na tarakimu hiyo utaikuta katika insha nyingi ikiitwa ya Tanzania nzima. Ni ya Bara peke yake. Zanzibar ina utafiti wake, wa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, na ule wa 2019/20 ulitoa asilimia 25.7, kutoka asilimia 30.4 ya 2014/15. Mistari ya umaskini ni tofauti na miaka ni tofauti, kwa hiyo anayeziweka 26.4 na 25.7 bega kwa bega akatangaza kuwa visiwa vimeipita Bara kidogo, hajachambua kitu. Tena ndani ya hiyo 25.7 imefichwa Pemba, ambako umaskini ni mkubwa kuliko Unguja. Katika sensa ya 2022, kati ya wakaazi 1,889,773 wa Zanzibar, Pemba ilikuwa na 543,441, yaani chini ya theluthi moja, na ndiyo maana wastani wa Zanzibar huvutwa na Unguja. Mdogo wangu MwanaChake aliposema anabaki kuuliza kwa nini Pemba haikutajwa, alikuwa anauliza swali la takwimu bila ya kujua.

Sasa niende kwenye khofu yako ya hesabu, kwa mfano unaoufahamu: Pensheni Jamii. Tangu Aprili 2016 Serikali humlipa kila mkaazi wa Zanzibar aliyetimiza miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Mchambuzi anaanza kwa kuzidisha tu: kwa kila wazee 1,000, shilingi 20,000 kwa mwezi ni milioni 240 kwa mwaka, na shilingi 50,000 ni milioni 600. Kisha anauliza kwa nini umri uwe 70 na si 65, na hapo anafungua majedwali ya sensa yaliyowagawa watu kwa makundi ya miaka mitano mitano ili aone kushusha umri kutaongeza wazee wangapi. Kisha anauliza kwa nini walipwe wote badala ya masikini peke yao. Kuwachagua masikini kunaonekana kuokoa fedha, lakini kuwachuja watu kuna gharama yake, na kila mchujo huwaacha nje baadhi ya wanaostahiki na kuwaingiza wasiostahiki. Hadi hapa hakuna hesabu ambayo mtoto wa kidato cha pili haiwezi.

Ugumu unakuja anapotaka kujua kama pensheni imebadilisha maisha ya wazee. Kwa kuwa wanalipwa wote, hakuna kundi la wazee wa miaka 70 na kuendelea wasiolipwa wa kuwalinganisha nao. Njia moja ni kuwatazama waliopindukia 70 kwa muda mfupi na wale ambao bado kidogo kuifikia. Mtu wa miaka 69 na mtu wa miaka 71 wanafanana takriban kwa kila jambo, isipokuwa mmoja anapokea na mwengine hapokei. Tofauti ya ulaji, matibabu au madeni baina yao, ikiwepo, inaweza kuhusishwa na pensheni. Kompyuta ndiyo inayofanya hesabu. Wewe unatakiwa uielewe hoja.

Na hapo ndipo sosholojia inapokuwa mtaji. Njia hiyo inasimama juu ya sharti kwamba umri ulioandikwa ni wa kweli. Bibi wa Micheweni asiye na cheti cha kuzaliwa anathibitishaje kuwa ametimiza 70? Umri wake hukadiriwa kwa matukio anayoyakumbuka, kwa mashahidi, na kwa sheha, yaani kiongozi wa mtaa, anayeijua nyumba yao. Ikiwa kuna msukumo wa kuuvuta umri hadi ufike 70, basi katika data utakuta watu wengi mno wenye 70 na 71, na wachache mno wenye 68 na 69, na ule ulinganisho mzuri unaharibika. Mwanafunzi wangu mwenye hesabu kali atatumia fomula bila kuliona hilo. Aliyekaa barazani kwa sheha wakati wa uhakiki ataliona kabla ya kuwasha kompyuta.

Kipanga alijibu:

Kwa heshima zote kwa waliotangulia, naona mnampeleka dada yetu mahali ambapo tatizo halipo. Nimekuwa mtumishi wa umma kwa muda mrefu na sijawahi kuona sera iliyokwama kwa kukosa mchambuzi. Zinakwama kwenye utekelezaji. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2006, wakati Bara ilifanya hivyo tarehe 1 Juni 2019. Sisi tulitangulia kwa zaidi ya miaka kumi, na hoja ya kisiwa kidogo chenye utalii na mitaro inayoziba ilikuwa wazi kwa kila mtu. Lakini miaka mingi baada ya marufuku hayo, ukinunua dagaa katika soko la Darajani ulikuwa ukifungiwa katika mfuko ule ule mweusi. Nani alikuwa anakagua bandari bubu? Mbadala ulikuwa unauzwa bei gani kwa muuza mbatata? Kwa nini akamatwe mwenye genge asikamatwe anayeingiza shehena? Haya hayajibiwi na rigresheni, zile hesabu za takwimu za kupima uhusiano wa mambo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni utawala wa umma, usome hapa hapa nchini, na ikiwezekana usome huku unafanya kazi. Mzumbe ilianza miaka ya 1950 kama skuli ya serikali za mitaa na mpaka leo inawajua watumishi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara inayounganisha sayansi ya siasa na utawala wa umma. Utasoma na maofisa wa halmashauri ambao wanajua kwa nini fedha ya robo ya pili inafika robo ya tatu. Vyenginevyo utarudi kutoka nje na waraka wako wa kurasa mbili, na siku ya mwanzo utaambiwa uunganishe ripoti za robo mwaka.

Mkunazini alijibu:

Bwana Kipanga, mfano wako ni mzuri, ila unanisaidia mimi. Utekelezaji ni sehemu ya fani hii tangu miaka ya 1970, pale watafiti walipoufuatilia mradi wa ajira wa Serikali Kuu ya Marekani katika mji wa Oakland, California. Fedha zilikuwepo, wakubwa wote walikubaliana na lengo, na ajira zilizopatikana zikawa chache mno. Walichokiona ni kwamba jambo linalopitia mikono mingi linaweza kufa bila ya mtu yeyote kulipinga. Tuseme kuna hatua 10 za idhini, na kila moja ina uwezekano wa asilimia 90 wa kupita. Kila ofisi inajiona haina kosa, lakini uwezekano wa hatua zote kupita ni kama asilimia 35 tu. Marufuku ya mifuko yangechorwa hivyo, hatua kwa hatua, kuanzia forodha hadi genge, pengine tungeona mapema mahali ambapo yatavuja, na ofisa aliyesoma kuchora hivyo ndiye ambaye dada yetu anataka kuwa. Shahada nzuri ya sera ina somo la utekelezaji, na ile isiyo nalo ndiyo ya kuepukwa. Hapo mimi na wewe hatugombani.

Kuhusu kurudi kwenye ripoti za robo mwaka, ni kweli, hutokea. Nilirudi nikapewa hizo hizo. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa najua ipi kati ya tarakimu zile haiwezi kuwa sahihi, na baada ya muda wakubwa wakaanza kuniuliza kabla ya kuipeleka ripoti, si baada ya kurudishwa.

MwanaChake alijibu:

Nawashukuru nyote, na Mwalimu ahsante sana kwa mfano wa Pensheni Jamii, kwani uhakiki wa wazee nimewahi kuushuhudia na sikujua kuwa mtu anaweza kuufanyia utafiti wa namna hiyo. Nimeanza kuelekea upande wa uchambuzi, kwa sharti la kuwa na somo la utekelezaji kama alivyosema ndugu Mkunazini.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza ni la fedha na ruhusa: mtumishi wa Serikali ya Mapinduzi anaanzia wapi? La pili, nikiulizwa tasnifu yangu itahusu nini, nilikuwa nafikiria mchango wa kilimo cha mwani katika maendeleo ya wanawake wa Pemba. Je, inatosha?

Jozani alijibu:

Bibie, nitajibu la kwanza, kwani nimelipitia kama mwombaji na baadaye kama mtu wa utumishi.

Anza na mwajiri, si na chuo. Hakikisha fani unayoitaka imo katika mpango wa mafunzo wa taasisi yako, kwa sababu ruhusa ya masomo hutolewa kwa kuangalia mahitaji ya taasisi, na ombi lisilokuwemo katika mpango huwa rahisi kukataliwa. Andika ombi, na uombe jibu kwa maandishi kuhusu mshahara, nafasi yako, na muda utakaotakiwa kutumikia baada ya kurudi. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara huondoka siku anayohamishwa. Usipange kuaga Mei au Juni, wakati wizara zote zinatetea bajeti Barazani na mwaka wa fedha unakaribia kuanza tarehe 1 Julai, maana hakuna atakayesaini.

Kwa fedha za ndani kuna Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ambayo hukopesha pia ngazi ya uzamili. Soma vigezo vya mwaka unaoomba, kwa kuwa fani zinazopewa kipaumbele hubadilika. Kwa nje, ufadhili wa Chevening wa Uingereza unataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, ambazo ni sawa na miaka miwili hivi, na maombi hufunguliwa kwa kawaida mwezi wa Agosti. Unachagua kozi tatu, na ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani kwa muda usiopungua miaka miwili. Upo pia ufadhili wa Jumuiya ya Madola, wa tangu 1959. Watu wengi huzisahau Asia, nami naona ni kosa. Tokyo ina GRIPS, taasisi ya uzamili ya masomo ya sera inayofundisha kwa Kiingereza na kupokea maofisa wa serikali kutoka nchi nyingi. Korea Kusini ina skuli ya KDI, iliyopo Sejong, yenye shahada ya sera ya umma, na ufadhili wa KOICA, shirika la serikali ya Korea la ushirikiano wa kimataifa, hupitia serikalini, kwa hiyo barua za mwaliko hutua kwenye meza ya utumishi na wakati mwengine hubaki hapo mpaka tarehe imepita. Pita ofisini ukaulize. Usisubiri kuitwa.

Vyuo vingi vya nchini huomba wastani wa alama (GPA) usiopungua 2.7 katika shahada ya kwanza. Ukisoma nje, cheti chako kitahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kwa sababu elimu ya juu ni jambo la Muungano, na ni vyema kuliuliza hilo kabla ya kukubali nafasi katika chuo usichokijua.

Kuhusu watoto, sitakudanganya. Kusoma Bara wakati nyumbani ni Pemba si kusoma karibu. Ni boti hadi Unguja na boti nyengine, au ndege, na msimu wa kusi wenye bahari chafu hakuna anayefurahia. Mwaka mmoja wa mbali wenye mwisho unaojulikana unaweza kuwa mwepesi kwa familia kuliko miaka miwili ya kwenda na kurudi. Uamuzi huo ni wako na wa watu wako.

Mwalimu wa Takwimu alijibu:

Nimalize na swali la tasnifu. Mada yako ni muhimu, lakini kama ilivyoandikwa haiwezi kujibiwa. Mchango upi, kwa wanawake gani, ukilinganisha na nani? Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima wengi ni wanawake, na sehemu kubwa ya mavuno hutoka Pemba. Hayo yameandikwa mara nyingi, na msomaji hatajifunza kitu kipya. Tafuta mahali ambapo Serikali ina uamuzi wa kufanya.

Mahali pamoja ninapopaona ni bei. Pemba ina mazao mawili yenye sera mbili zinazopingana. Karafuu ina mnunuzi mmoja kisheria, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), na bei hutangazwa. Mwani hununuliwa na makampuni, na wapo wakulima wanaopewa kamba na vifaa na kampuni, kisha hutakiwa kumuuzia aliyewapa. Basi uliza hivi: katika shehia mbili au tatu unazozijua, je, mkulima aliyepewa vifaa na mnunuzi hulipwa bei ndogo kwa kilo kuliko aliyevinunua mwenyewe? Ukikuta tofauti, unalo la kuiambia Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi juu ya kama igawe kamba, itoe mikopo ya vifaa, au itangaze bei. Usipoikuta tofauti, hilo nalo ni jibu, na litaizuia Serikali kutumia fedha mahali pasipo na tatizo.

Chunga vitu viwili katika ulinganisho. Aina ya mwani iitwayo kotonii ina bei kubwa kuliko ile iitwayo spinosamu, ila haivumilii maji ya moto na hufa, kwa hiyo usichanganye wakulima wa aina hizi mbili katika kapu moja la bei. Na mwani uliokauka vyema hauuzwi sawa na wenye unyevu na mchanga, kwa hiyo uandike hali ya mwani siku ya mauzo, si kilo peke yake. Sosholojia yako itakufaa katika kujua nani hukubali vifaa vya kampuni tokea mwanzo. Huenda ni wale wasiokuwa na fedha kabisa, na kama ndivyo, bei ndogo wanayolipwa inaweza kutokana na unyonge wao na si mkataba. Tofauti hiyo ndiyo itakayokuwa sura ngumu ya tasnifu yako, na ndiyo ambayo watahini watakuuliza.

Kama utakuwa unasoma nje au Bara, anza mapema kuomba kibali cha utafiti kwa upande wa Zanzibar, kwani kile cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kwa ajili ya Bara hakitakuvusha huku. Na utakapopanga safari ya kukusanya data, tazama mwezi wa angani kabla ya kukata tiketi. Bamvua likiingia, yaani siku ambazo bahari hujaa sana na kukauka sana, wanawake wote wapo pwani tangu maji yanapotoka na hakuna atakayekaa nawe na dodoso. Subiri maji mafu, bahari inapojaa na kutoka kidogo, ndipo utawakuta nyumbani.